Mara Tano na Pini Nene

Inatangazwa kwa heshima zote, na kwa sauti ya mtu aliyesafisha koo mara mbili, kwamba duniani kuna ndoa moja tu isiyojua kusameheana, nayo ni ndoa ya pini na tundu. Waume na wake hugombana, wakanuniana, wakarudiana kwa ajili ya watoto. Pini na tundu hazina watoto. Zikizidiwa, zinaachana papo hapo, na aliye karibu ndiye atakayesimulia, kama atabaki na mdomo. Inatangazwa zaidi kwamba msuluhishi wa ndoa hizo, kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa mtu mmoja mwembamba mwenye mashati matatu, miwani iliyofungwa kwa uzi, na sura ya mtu aliyefika benki saa ya kufunga. Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Kiwandani walimwita Mara Tano.

Kiwanda chenyewe kilitengeneza winchi, vile vyuma vyenye mkono mrefu, mnyororo na ndoano, ambavyo gereji hutumia kunyanyulia injini. Mwisho wa mkono wa kila winchi pana bamba la chuma lililotobolewa, wanaloliita sikio. Pini hupita kwenye tundu la sikio, ndoano hushikwa na pini, injini hushikwa na ndoano, na chini ya injini kuna fundi amelala chali, anapiga mluzi. Mara Tano aliajiriwa kwa ajili ya huo mluzi. Usikatike.

Kiungo kama hicho, alikuwa akisema, kinaweza kufa vifo vinne. Pini inaweza kukatwa. Pini inaweza kupinda. Tundu linaweza kusagwa na pini mpaka likawa na umbo la yai. Na sikio lenyewe linaweza kuchanika pale ukingoni, kama tundu la kifungo kwenye shati la bei rahisi. Alihesabu vifo vyote vinne, kimoja kimoja, kwa penseli, akachukua namba iliyo ndogo kuliko zote na kusema hiyo ndiyo nguvu ya kiungo. Zile nyingine tatu, hata ziwe kubwa vipi, alizipiga mstari.

"Nyumba ina milango minne," aliwaambia waliomwuliza, na hata wasiomwuliza. "Mwizi haingii kwa wastani wa milango. Anaingia kwa ule mbovu."

Kisha alihakikisha kwamba hata hiyo namba ndogo inauzidi mzigo mara tano. Kwa nini tano? Moja kwa ajili ya mzigo wenyewe. Moja kwa ajili ya chuma ambacho si chuma kama karatasi yake inavyodai. Moja kwa ajili ya mtu atakayeuvuta mnyororo kwa kustukiza. Moja kwa ajili ya kutu.

"Na ya tano, mzee?"

"Ya tano ni kwa ajili yenu."

Hapo ndipo alipopata jina, na pamoja na jina akapata kila mzaha unaoweza kutoka kwenye jina hilo. Kwamba anavaa mikanda mitano. Kwamba usiku wa harusi yake aligonga mlango mara tano, na alipofunguliwa akasema anahakikisha bawaba. Alikula chakula chake cha mchana pembeni, akiwasikiliza, na kama mzaha ulikuwa na hesabu mbovu aliusahihisha.

Sasa, kiwanda kile kilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na kwa hiyo ndiyo pekee iliyofuatwa. Mwanzilishi, marehemu, alikuwa mtu asiyeamini karatasi. Akaamuru: anayetia saini kwenye hesabu ya winchi mpya ndiye atakayeketi chini yake siku ya majaribio, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kikaletwa kigoda. Kwenye kigoda hicho, chini ya tani na tani za chuma, Mara Tano alikuwa amekwisha kunywa vikombe sitini na kimoja. Hakuwahi kutazama juu. Kitu pekee alichokiogopa pale kilikuwa sukari, daktari alishamwonya.

Meneja wa kiwanda alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Mara Tano mwenyewe ndiye aliyemwingiza, baada ya mke kumlilia wiki mbili mfululizo: "Baba watoto, mwingize hata kufagia." Akaingia kufagia. Alifagia vibaya lakini alizungumza vizuri, na penye vikao vingi mtu wa namna hiyo hapandi ngazi, ngazi inamshukia. Miaka tisa baadaye ndiye aliyekuwa akimpa Mara Tano ruhusa ya kwenda msibani. Na kwa kuwa hakuna deni zito kama la mtu aliyekuona ukiwa na ufagio mkononi, Shemeji hakumsamehe hata siku moja. Mbele za watu alimwita "mzee wetu". Nyuma yao alimwita "ule mzigo wa dada".

Mwaka ule alitokea mteja mkubwa, mama mwenye gereji saba za malori, ambaye wote walimwita Mama Gereji. Alitaka winchi za kunyanyua tani mbili, akasema: tengenezeni moja niione ikijaribiwa, ikinipendeza nachukua arobaini. Mara Tano akahesabu. Akachora sikio, upana wake, unene wake, na katikati tundu la milimita ishirini na tano, huku na huku pakibaki nyama ya chuma ya kutosha. Akatoa mchoro siku ya Ijumaa, akarudi nyumbani kulala usingizi wa mtu asiye na siri.

Jumatatu asubuhi alipita karakana na kalipa yake, kile kipimo cha taya mbili, mfukoni, kama kawaida yake, kuwapima watu kazi waliyokwisha kuimaliza. Aliyetoboa sikio alikuwa fundi mmoja mwenye mabega mapana waliyemwita Keekee, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akitoboa, na hata hadithi zake ziliingia taratibu na kutoa kelele nyingi.

Mara Tano aliingiza taya za kalipa kwenye tundu. Akazitoa, akafuta miwani, akaziingiza tena.

"Keekee."

"Naam, mzee."

"Hili tundu lina milimita thelathini na nane."

"Thelathini na nane kamili," Keekee akasema kwa fahari. "Halijapungua unywele."

"Mchoro unasema ishirini na tano."

"Pini za ishirini na tano stoo hazimo. Bosi akasema kuna zile nene za matrekta mabovu, ziko hamsini, zinang'aa kama meno ya dhahabu. Nikapanua tundu ziingie. Si umepata pini nene bure, mzee? Wewe si ndiye mtu wa kuzidisha? Nilidhani utanibusu."

Mafundi wawili wakaacha nyundo zao ili wacheke vizuri.

"Pini imenenepa," Mara Tano akasema. "Sikio limenenepa?"

Keekee akalitazama sikio. "Sikio ni lilelile."

"Basi hiyo nyama uliyoitoa kupanua tundu umeitoa wapi?"

Keekee akakuna shingo. Chini ya mashine, sakafuni, lilikuwapo jibu: vinyweleo vya chuma vilivyojikunja, rundo zuri, tayari kwa ufagio. Lakini Keekee hakuwa mtu wa kutazama chini. "Mzee, mimi nimetoboa miaka kumi na nane. Kitu kinene kina nguvu kuliko kitu chembamba. Hilo hata mama mkwe wangu analijua, na ni mnene."

Mara Tano alirudi kwenye chumba chake, chumba chenye meza moja, dirisha moja na kalenda ya mwaka juzi, akahesabu upya. Vifo vitatu vilikuwa vimesogea mbali: pini ile nene ilikuwa na nguvu zaidi ya mara mbili ya ile aliyoichora. Kifo cha nne kilikuwa kimevuta kiti. Ukingo wa sikio, uliokuwa milimita kumi na mbili na nusu, sasa ulikuwa sita. Sikio lingechanika kabla mzigo haujafika tani nne. Mara tano ilikuwa imegeuka mara mbili isiyotimia, na hiyo ni kabla ya kutu, kabla ya kustukiza, kabla ya watu.

Akaichukua karatasi hadi ofisi ya meneja.

Shemeji aliisoma kama mtu asomavyo barua ya kudaiwa ada. "Tani nne," akasema. "Mteja ananyanyua mbili. Wewe mwenyewe umeandika hapa."

"Siku ya kwanza. Ukivuta na kuachia mara elfu moja, ufa utaanza hapa kwenye ukingo. Siku moja itanyanyuliwa injini, itastukizwa kidogo tu, na kutakuwa na mtu chini."

"Siku gani?"

"Siijui siku."

"Mtu gani?"

"Simjui mtu."

"Shemeji," akasema Shemeji kwa upole wa kutisha, "hujui siku, humjui mtu, unajua tu kwamba mimi nimekosea. Wewe si mhesabu, wewe ni mganga." Akaegemea kiti. "Mashahidi wangu ni wawili. Pini ni nene. Pini ni bure. Ijumaa Mama Gereji anakuja na bodi inakuja. Utatia saini na utakaa kwenye kigoda chako unywe chai yako. Hutaki, basi Jumamosi acha funguo za nyumba kwa mlinzi. Ile ni nyumba ya mhesabu, na mhesabu ni mtu mwenye saini."

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya ukuta wa kiwanda, yenye bomba linalovuja na jiko linalovuta moshi kuelekea kitandani. Watoto wanne walikulia humo. Mke wa Mara Tano alishonea watu nguo pale dirishani, na wateja wake wote walikuwa wa mtaa ule. Kuhama kungekuwa kumng'oa yeye kwanza.

Alimsimulia jioni, mke akiwa anapindisha ukosi wa shati la mtu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuondoa pini mdomoni.

"Ijumaa itakatika?" akauliza.

"Ijumaa haikatiki. Wanajaribu kwa tani mbili na nusu. Itashika."

"Kwa hiyo wewe Ijumaa huna hatari."

"Sina."

"Itakatika siku nyingine, kwa mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Tunamjua?"

"Hatumjui, mama watoto. Ndiyo maana."

Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye ukosi. "Mimi ninayemjua ni mdogo wangu, ambaye ukimwaibisha mbele ya bodi hatakusamehe mpaka kaburini. Na ninakujua wewe. Na ninaijua hii nyumba. Huyo wako asiyejulikana na mimi namwombea, nitamwombea kila siku. Lakini saini utatia."

Mara Tano alikuwa amegundua kwamba hesabu yake ilikuwa na aibu ambayo hakuwahi kukutana nayo: ilikuwa sahihi, na jaribio lingeithibitisha kuwa uongo. Angeketi chini ya kitu kibovu, kitu kibovu kingemshika vizuri, na kuanzia hapo kila mtu angekuwa na ushahidi.

Ijumaa ikafika. Karakana ilifagiwa. Winchi ilipakwa rangi nyekundu, na tundu la sikio likazungushiwa rangi ya manjano ili pini ile nene ionekane kutoka mbali. Chini ya ndoano walining'iniza jukwaa la chuma kwa minyororo, na foklifti ikawa inapandisha mabamba juu yake, nusu tani kwa nusu tani. Juu ya ndoano palikuwa na mizani ya duara yenye mshale, kubwa kama sinia. Wajumbe wa bodi waliketi kwenye viti vya plastiki. Mama Gereji alisimama, kwa sababu alikuwa mtu wa kusimama, amefumbata mikono.

Mara Tano akaja na kalamu. Hakutia saini. Alisema, bila kupaza sauti, "Nitakaa kwanza. Saini baadaye," akaketi kwenye kigoda, akaletewa chai isiyo na sukari.

"Leo mzee wetu anajipima," Shemeji akawaambia wageni, na wageni wakacheka kwa adabu.

Tani mbili zikapanda. Tani mbili na nusu. Winchi haikulia hata kidogo. Mara Tano akanywa kikombe kizima, polepole, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili alikuwa akitazama juu.

Shemeji akapiga makofi, na watu wakapiga makofi kwa sababu meneja amepiga. "Mmejionea," akasema. "Huyu mzee, ambaye ni shemeji yangu na nampenda, alisema hili sikio ni bovu. Alikataa kutia saini. Amekaa chini yake mwenyewe na bado yuko hai, anameza mate. Sasa mimi nauliza, kama sikio bovu linashika hivi, yale mazima ya miaka ishirini na miwili yalikuwa yanashika nini? Ni chuma kiasi gani tumezika kwenye winchi zetu kwa sababu ya woga wa mtu mmoja?"

Mwenyekiti wa bodi aliandika kitu. Keekee akasema kwa sauti ya kusikika, "Mara Moja," na karakana nzima ikapasuka kwa kicheko. Hata mtunza stoo, ambaye hakuwa amecheka tangu walipomhesabia spana zake, aliangua.

Mara Tano akaweka kikombe chini. "Ongezeni," akasema.

"Nini?"

"Ongezeni mzigo. Bado nimekaa."

Kicheko kikabadilika sauti, kikawa kile cha watu walioona mchezo unanoga. Dereva wa foklifti akamtazama meneja, meneja akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Tani tatu. Watu wakahesabu kwa pamoja kama walio mpirani. Tatu na nusu. Sasa Mara Tano aliona alichokuwa akikitafuta: rangi ya manjano ikabanduka upande wa juu wa tundu, ganda moja, halafu jingine, na tundu likaanza kurefuka.

Akasimama, akachukua kigoda kwa mkono mmoja, akakiweka pembeni.

"Inatosha," akasema. "Tundu limekuwa yai. Haifiki nne. Ikikaribia, sikio linachanika pale ukingoni. Ninyi mtakuja kuipakia injini mara elfu moja, mtafika hapohapo kwa tani mbili. Hii ndiyo saini yangu."

Ukimya ukaingia, na huenda ungefanya kazi nzuri kama Mama Gereji asingeuliza: "Kwa hiyo amekimbia au hajakimbia?"

"Amekimbia," Shemeji akasema. "Mara Tano amekimbia mara ya kwanza." Akakiendea kigoda, akakirudisha chini ya jukwaa, akaketi, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine. "Nileteeni chai. Tieni na sukari. Foklifti, leta nne."

"Shemeji, toka hapo," Mara Tano akasema.

"Uliniingiza hapa kwa mkono wako, sasa unataka kunitoa kwa mkono wako?"

"Toka. Haifiki nne."

"Mnamsikia? Ana wivu hata wa kigoda."

Chai ikaletwa. Foklifti ikainua bamba la mwisho. Mara Tano alikuwa hatua nne kutoka pale. Angeweza kumvuta kwa ukosi. Alikuwa na muda wa kumvuta. Lakini watu walikuwa bado wanacheka, na yeye alikuwa ameinua macho kwenye mizani, kwa sababu mshale ulikuwa unasogea na hakuna mwingine aliyekuwa akiusoma. Tatu na mia saba. Tatu na mia nane. Mia tisa.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu kavunja muwa gotini. Shemeji alikuwa mwepesi, sifa hiyo apewe: aliruka na mwili wake wote isipokuwa mguu wa kushoto, ambao ulikuwa umekunjwa juu ya wa kulia na ukachelewa kupata habari. Jukwaa likatua. Kikombe kikapona.

Mguu ulikatwa hospitalini siku hiyohiyo, chini ya goti. Sikio lilikutwa limechanika ukingoni, kama lilivyohesabiwa. Pini nene haikuwa na hata mkwaruzo, na watu wengi walipita kuitazama wakasema, si unaona, pini haikuwa na kosa.

Kama unadhani hapo Mara Tano alibebwa juu juu, hujawahi kufanya kazi mahali penye bodi. Jumatatu Mama Gereji alikuja hospitalini na mfuko wa machungwa, akaketi kitandani kwa Shemeji, akasema: "Mimi nanyanyua tani mbili. Ile kitu yako imebeba karibu nne mbele ya macho yangu, na meneja mwenyewe amekaa chini. Sijawahi kuona kiwanda kinachojiamini hivyo. Nipe arobaini. Vilevile, na ile pini." Alipoambiwa kwamba mhesabu hajatia saini, akauliza mhesabu ni nani. Wakamwambia ni yule mzee aliyekimbia. Akamenya chungwa.

Bodi ikakaa saa tatu. Ikafuata sheria ya mwanzilishi kwa unyenyekevu mkubwa: anayetia saini ndiye anayeketi. Basi aliyeketi ndiye mwenye saini. Shemeji akatia saini akiwa kitandani, na kwa saini hiyo akawa meneja na mhesabu. Mara Tano akapelekwa stoo kuhesabu spana. Kosa lake liliandikwa wazi: kwamba ndiye aliyesema "ongezeni", na kwamba alijua. Mwenye kalamu alitaka kuongeza "na akanyamaza", ila mashahidi hamsini walimsikia akisema.

Nyumba ya mhesabu ikaenda kwa mhesabu. Lakini mhesabu mpya hakuweza kupanda wala kushuka peke yake, na dada yake ndiye aliyekuwa tayari mle ndani, kwa hiyo haikulazimu mtu yeyote kuhama. Ilihama haki tu. Shemeji alilazwa chumba cha mbele, chenye dirisha. Cherehani ikasogezwa jikoni kwenye moshi. Na kwa kuwa mke alisema hawezi kumwogesha mdogo wake wa kiume, ni aibu, kazi hiyo ilimwangukia mgeni wao, yaani Mara Tano.

Alimwogesha kila asubuhi kabla ya kwenda stoo. Hawakuzungumza wiki tatu. Wiki ya nne Shemeji akasema, akiwa na sabuni usoni:

"Ulisema nitoke."

"Nilisema."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Shemeji akajifuta sabuni machoni, maji yakimchuruzika. "Wewe," akasema, "ambaye katika maisha yako hukuwahi kufanya kitu chochote chini ya mara tano."

Mara Tano akammwagia maji kichwani. Kikombe cha kwanza, cha pili. Alitaka kusema kwamba muda ulikuwa mfupi. Lakini alikuwa mtu wa hesabu, na usiku ule wa kwanza alikwisha kuhesabu: kutoka Shemeji alipoketi mpaka sikio kuchanika, sekunde arobaini. Neno "toka" ni nusu sekunde. Akamfuta, akamvalisha shati, akaondoka.

Mkewe alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia yote. Tangu siku hiyo akawa anampa mumewe chakula kwenye sahani ya wageni, ile yenye maua, kwa heshima zote.

Miezi mitano ikapita, na winchi ya arobaini ikakamilika. Ikaandaliwa sherehe karakana. Winchi ile ilifungwa utepe, na ili ipendeze waliinyanyulia injini nzima ya lori, iliyosafishwa na kupakwa mafuta, ikaning'inia juu ya jukwaa dogo la mbao ambapo wasemaji wangesimama. Shemeji alikuja kwa magongo na akapigiwa makofi amesimama. Mama Gereji alikuwapo. Keekee alivaa tai. Mara Tano alisimama karibu na mlango wa stoo, na mkewe alikuwa upande wa pili, miongoni mwa ndugu zake.

Mwenyekiti wa bodi akapanda kwenye mbao na kuzungumza dakika thelathini. Alisema kiwanda ni familia. Alisema familia ni kiungo, na kiungo ni kusameheana. Alisema hata mtu aliyeteleza ana nafasi kwenye meza ya wenzake, na kwamba yeye, kwa mkono wake, amebeba cheti cha winchi ya arobaini, ambacho kina nafasi ya saini mbili. Ya kwanza imekwisha kujazwa na shujaa wetu. Ya pili iko wazi.

"Mzee wetu," akasema, na sauti yake ikashuka kama ya mtu anayeombea chakula, "ukitia saini hapa leo, kiti chako kinarudi, dirisha lako linarudi, nyumba yako inarudi kuwa yako. Shemeji yako ameridhia, ameniambia mwenyewe. Mkeo analia pale, unamwona. Hakuna hapa anayekumbuka yaliyopita. Tunachoomba ni saini moja na neno moja, neno la hekima kutoka moyoni, ambalo vizazi vitakavyofanya kazi ndani ya kuta hizi vitalikumbuka. Tuambie, mzee. Moyo wako unasema nini?"

Watu wote wakageuka. Mtu mmoja akampa kalamu. Mara Tano akaishika, akafuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa, akatazama juu ya kichwa cha mwenyekiti kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu.

"Mwenyekiti," akasema, "umesimama chini yake."